Shampuu yangu imekatika kama maziwa, nimekosea wapi?

Maswali ya shampuu na kondishona za kutengeneza nyumbani yamekuwa mengi sana safari hii, na mengi yanafanana, mtu kachanganya vitu vyake jikoni kwa nia njema kabisa alafu nywele zikagoma au kichwa kikaanza kuwasha. Nimechagua sita. Kama lako halipo soma la mwenzako, huenda jibu lako limo humo humo.

SWALI: Anti shikamoo. Nilitaka kuachana na shampuu za dukani nikaamua nitengeneze yangu, nikachukua kikombe kimoja cha sabuni ya maji ile ya mafuta ya zeituni, nikaweka siki robo kikombe maana nilisoma siki inang'arisha nywele, alafu kijiko cha asali na tui la nazi kidogo. Nikatikisa chupa. Hata dakika tano hazijafika ikawa nyeupe, ina mabonge mabonge kama maziwa yaliyokatika na mafuta yameelea juu. Nikasema si ni vitu vya asili tu, nikaoshea hivo hivo. Sasa nywele zinanata kama zimepakwa nta, nikichana kitana kinatoka na utando wa kijivu. Je nimeuziwa sabuni feki?

JIBU: Marahaba mwanangu. Sabuni yako haina kosa lolote, tena hayo mabonge ni ushahidi kwamba ilikuwa sabuni ya kweli. Sabuni ni mafuta yaliyopikwa na kostiki, yaani alkali kali, ya kipande inatumia kostiki ya sodiamu na ya maji inatumia ya potasiamu, na yakishapikwa yanageuka kitu chenye upande mmoja unaoshika mafuta na upande mwingine unaoshika maji, ndo maana jasho na uchafu wa kichwani vinaondoka ukisuuza. Sasa ukimwagia asidi, iwe siki iwe limau, unairudisha sabuni nyuma, inavunjika na kuwa asidi za mafuta ambazo maji hayawezi kuziyeyusha. Yale mabonge meupe ndo hizo. Yaani ulipojipaka kichwani hapakuwa na sabuni tena mle ndani, ulijipaka mafuta mazito yaliyoganda, na kitana chako kinakwambia hivo hivo.

Kwanza tutoe hicho kilichoganda. Hapa usinitafutie kitu cha asili, chukua shampuu ya kawaida ya dukani, maji ya vuguvugu, osha mara mbili ukisugua taratibu kuanzia shina mpaka ncha. Shampuu ya dukani haitumii sabuni ya aina hii kwa hiyo haipatwi na hili tatizo.

Baada ya hapo fanya chupa mbili, hizo chupa mbili ndo siri yote. Ya kwanza ni sabuni peke yake, sehemu moja ya sabuni kwa sehemu tatu au nne za maji yaliyochemshwa yakapoa, tengeneza ya kuosha mara moja au mbili tu. Ya pili ni siki, vijiko viwili vya chakula kwenye nusu lita ya maji. Unaosha na ya kwanza, unasuuza mpaka maji yatoke safi kabisa, ndo unamwagia ya pili, unaiacha dakika moja hivi na unasuuza tena. Hazikutani ndani ya chupa hata siku moja! Siki ukiitumia mwishoni hivo inafanya kazi nzuri sana kwa sababu sabuni ina ualkali, inainua magamba ya unywele, na siki inayalaza tena, ule mng'ao unaousoma huko unatokea hapo.

Jambo lingine angalia maji yako. Kama birika lako linaota ukoko mweupe ndani na povu halikolei, hayo ni maji magumu, yana kalsiamu na magnesiamu nyingi, na madini hayo yakikutana na sabuni yanatengeneza utando huo huo wa kijivu hata kama hujaweka siki ndani. Ukiweza kukinga maji ya mvua osha nayo, utashangaa nywele hizo hizo na sabuni hiyo hiyo zinavyotulia.

SWALI: Habari dada. Mimi niliacha shampuu kabisa, natumia beking soda na maji alafu nasuuza na siki, sasa mwezi wa tatu. Mwanzo nywele zilikuwa safi mno mpaka nikawashawishi wenzangu, sasa zimekuwa kavu kama majani makavu na zinakatika katikati, sio kwenye mizizi. Niongeze siki?

JIBU: Usiongeze siki, acha beking soda leo. Najua ni ushauri unaosambaa kila mahali na ndo maana naujibu kwa ukali kidogo. Ngozi ya kichwa ina pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali, ya kama 5.5 na unywele wenyewe uko chini zaidi ya hapo, beking soda ikiyeyushwa inafika 8 na kitu, na kipimo cha pH hakiendi kama rula, kila namba moja ukipanda ni mara kumi. Kwa hiyo kutoka 5 mpaka 8 umeruka mara elfu moja. Magamba yanafunguka sana, unywele unavimba kwa maji, unasuguana na wenzake, na ukirudia hivo miezi mitatu gamba linang'oka. Siki inaweza kulaza gamba lililopo, lililokwisha ng'oka hairudishi. Huo usafi uliouona mwanzo ni mafuta yote ya asili kuondoka pamoja na uchafu.

Sehemu iliyokauka haiponi maana unywele ulioko nje ya ngozi hauna uhai, utaupunguza ncha kidogo kidogo na kusubiri mpya, ambao kwa wastani unakua kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi, hivyo vuta subira dada yangu.

Ukitaka kitu cha mmea kinachosafisha kweli, tafuta mimea yenye saponini, ambayo ni sabuni ya asili ya mimea. Maarufu ni maganda ya matunda ya mti wa Sapindus na maganda ya shikakai, watu wa Bara Hindi wameoshea nywele vitu hivi karne na karne. Loweka maganda matano au sita ya Sapindus kwenye nusu lita ya maji usiku kucha, asubuhi chemsha kwa moto mdogo dakika ishirini, ponda kwa mkono yakishapoa, chuja kwa kitambaa. Maji yanatoka ya rangi ya chai na povu ni jepesi, usiogope, wingi wa povu haupimi usafi. Ila funga macho vizuri wakati unamwagia, yakiingia yanachoma vibaya sana, mi yalinipata nikakaa nimeinama kwenye bomba robo saa nzima na jicho likawa jekundu mpaka kesho yake.

SWALI: Anti, kondishona yangu ya parachichi, ndizi na mafuta ya nazi niliitia vitamini E ili isiharibike. Naiweka bafuni. Jana, wiki ya pili, nimefungua kopo limetoa mlio wa gesi na harufu ya pombe. Bado inafaa kwa nywele si haiendi tumboni?

JIBU: Imwage yote na kopo litupe. Imeshachacha, huo mlio ni gesi ya vijidudu wanaokula sukari ya ndizi, na ngozi ya kichwa ikiwa na mkwaruzo mdogo wa kitana tu unawafungulia mlango.

Vitamini E imewadanganya wengi jamani. Kazi yake ni kuchelewesha mafuta yasichache na kunuka, bakteria na fangasi haiwagusi. Mafuta ya kunukia nayo kwa matone yale mnayoweka hayatoshi. Asali ikiwa peke yake haiharibiki, ila ukiichanganya na maji nguvu hiyo inapotea. Kwa hiyo chochote chenye maji au tunda au tui kichukulie kama chakula kilichopikwa: kama usingekila kikikaa nje siku mbili, usijipake. Kwenye friji siku tatu, au kigandishe kwenye trei ya barafu utoe vipande viwili kila unapoosha, mi ndo ninavyofanya na hakuna kinachotupwa. Mafuta matupu yasiyo na tone la maji ndo yanakaa miezi bila shida.

Na hiyo ndizi, kama unaipenda sana isage kwenye blenda mpaka iwe kama uji alafu ichuje kwa kitambaa, la sivyo utatoa vipande kwenye nywele siku tatu, hasa nywele za kipilipili. Mimi nakushauri bamia badala yake. Kata bamia nane au kumi, chemsha na vikombe viwili vya maji dakika kumi, chuja zikiwa bado za moto kwa sababu zikipoa ute unakuwa mzito haupiti, kamua kile kitambaa kwa nguvu. Utapata ute unaovutika kama gundi nyepesi. Usubiri upoe, tia kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, paka kwenye nywele zilizooshwa bado mbichi, kaa dakika ishirini, chana nao ukiwa bado kichwani ndo suuza. Kitana kinateleza mwanzo mpaka mwisho, mafundo yanafunguka yenyewe, hakuna ndizi inayofikia hapo.

SWALI: Ni kweli yai lina protini kwa hiyo linajenga nywele?

JIBU: Protini ya yai ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele, inabaki juu. Ulaini unaouona unatokana na kiini, kina mafuta na lesithini, hivyo tumia kiini peke yake, na suuza kwa maji ya baridi, maji ya moto sana yataliivisha humo humo kichwani. Osha mikono baadaye, yai bichi ni yai bichi.

SWALI: Dada naomba msaada, nina mba za muda mrefu. Kila usiku napaka mafuta ya nazi kwenye ngozi ya kichwa kuzilainisha, asubuhi zinaonekana zimekwisha, jioni zimerudi na muwasho juu. Nipake mara mbili kwa siku?

JIBU: Pole sana, muwasho wa usiku haumlazi mtu. Lakini hayo mafuta ndo chakula cha tatizo lako. Mba kwa sehemu kubwa zinahusiana na fangasi anayeitwa Malassezia ambaye anaishi kwenye ngozi ya kila mtu na anakula mafuta. Asubuhi mba hazijaisha, zimelowa tu na kugandia ngozi ndo maana huzioni.

Acha mafuta kwenye ngozi, nunua shampuu ya dawa yenye ketokonazoli, dawa ya kuua fangasi, mara mbili kwa wiki, iache dakika tatu mpaka tano kabla hujasuuza, endelea wiki nne hivi. Mafuta ya nazi usiyatupe, yahamishe tu. Yapake kwenye urefu wa nywele kabla ya kuosha, mbali na ngozi. Utafiti uliochapishwa 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini ukakuta ni ya nazi peke yake yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele, kwa sababu asidi yake ya lauriki ni ndogo na imenyooka, inapenya ndani. Ni mafuta mazuri, yalikuwa yamekaa mahali pabaya.

SWALI: Shikamoo anti. Mwanangu ana miaka sita, ana viduara kichwani nywele zimekatika hapo na ngozi ina ukoko mweupe. Bibi yake anasema tumpake ute wa alovera na limau, mwenzake wa jirani naye kaanza kuwa navyo. Tumpake mara ngapi?

JIBU: Marahaba mama. Msimpake. Hayo kwa maelezo yako yanafanana na mapunye, fangasi ameingia mpaka ndani ya kishina cha unywele na hakuna cha kupaka kitakachomfikia huko, kiwe cha jikoni au cha duka la dawa, inahitajika dawa ya kumeza anayopimiwa na daktari kwa uzito wake. Limau litamchoma na akitoka juani linaweza kumuunguza ngozi, na alovera ina utomvu wa njano chini ya ganda unaowasha. Mwambie bibi kwa heshima zote kwamba nia yake ni njema. Kitana, kofia na taulo lake viwe vyake peke yake kuanzia leo, waambie na wa jirani, na kesho asubuhi mpelekeni hospitali wote wawili.