Presha imegoma kushuka: niache dagaa?

SWALI: Shikamoo daktari. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Natumia dawa tatu za presha na bado haishuki. Nimepimwa, nikaambiwa tezi zilizo juu ya figo zinatoa homoni kupita kiasi, na kwamba seli za tezi huitoa homoni hiyo kalsiamu ikiziingia. Dagaa nasikia wamejaa kalsiamu, nami nawala kila siku. Niwaache?
Muuza dagaa, Mwanza

JIBU: Marahaba, mama. Usiwaache. Kiwango cha kalsiamu katika damu kinalindwa na tezi nyingine ndogo zilizo shingoni, hakipandi ovyo hata ukimaliza sahani nzima. Tatizo lako liko kwenye malango ya seli.

Nimekulia Igombe, kaka zangu wakivua. Mtumbwi ukiwa ziwani, lazima awepo mtu wa kuchota maji yanayopenya kwenye maungio ya mbao na kuyamwaga. Seli nayo iko hivyo. Nje yake kalsiamu ni kama mara 10,000 ya ile iliyo huru ndani, na pampu zinaitoa usiku na mchana. Ndiyo maana ikipenya kidogo tu, seli nzima inashtuka.

Kwa mtu mzima wa afya, anayeleta mshtuko huo ni angiotensini ya pili, homoni inayoongezeka mwili ukipungukiwa maji au chumvi. Yenyewe haiingii ndani. Inashika kipokezi kwenye utando wa seli, ujumbe unapelekwa kwenye maghala ya ndani, nayo yanamwaga kalsiamu. Hilo ni wimbi fupi. Kisha malango ya utando yanafunguka, kalsiamu ya nje inaendelea kuingia, na hii ndiyo inayoifanya seli iendelee kutengeneza aldosteroni, ile homoni uliyoambiwa inatoka kupita kiasi. Potasiamu ikipanda kidogo kwenye damu, nayo hufungua malango hayo. Aldosteroni ikishatoka, figo zinabakiza chumvi na kutoa potasiamu; ikizidi, presha inapanda na potasiamu ya damu inaweza kupungua, misuli ikakaza.

Tezi yako haisubiri kuagizwa. Ugonjwa huu aliueleza daktari Jerome Conn wa Marekani mwaka 1955, lakini ilikuwa 2011 ndipo ilipogunduliwa kasoro ya jeni (maelekezo ya urithi ndani ya seli) iitwayo KCNJ5 katika uvimbe wa baadhi ya wagonjwa: lango la potasiamu linapitisha sodiamu, umeme wa utando unavurugika, kalsiamu inaingia bila homoni yoyote kubisha hodi.

Mama yangu mzazi aliishi na presha miaka mingi, misuli ya miguu ikimkaza usiku, na hakuna aliyempima potasiamu. Bado inaniuma. Kwa hiyo nakuomba, mama, rudi kliniki uulize potasiamu yako ni ngapi, na kama ni tezi moja au zote mbili. Ikiwa ni moja, inaweza kuondolewa kwa upasuaji. Zikiwa zote mbili, kuna dawa kama spironolaktoni inayozuia kazi ya aldosteroni. Dagaa endelea kula, ila wale waliotiwa chumvi wasiingie jikoni kwako.