Muulize Fundi: Laptopu haijazimwa tangu Idi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina duka la steshenari hapa Morogoro, karibu na stendi. Mchana laptopu yangu inachapa barua na kutoa kopi za wateja, usiku naiacha inarekodi kamera mbili za dukani. Kwa hiyo haizimwi na chaja haichomolewi, tangu Idi iko hivyo hivyo. Nimeifunika kitambaa cha kufuma ili vumbi lisiingie. Sasa imeanza kuunguruma kama mashine ya kusaga, na upande wa kushoto ukiugusa unaunguza. Juzi ilizima yenyewe mteja akiwa amesimama anasubiri barua ya kuomba kazi. Jirani mmoja ananiambia kompyuta ni kama mtu, lazima ilale. Mwingine anasema nitoe betri. Nimsikilize nani?
Mwenye steshenari, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Majirani zako wote wawili wana chembe ya ukweli, ila hakuna hata mmoja aliyekwambia uondoe hicho kitambaa. Kiondoe kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Mimi pia nimelelewa kwenye nyumba ambayo redio ilivalishwa kitambaa cha kufuma kuliko sisi watoto tulivyovalishwa, kwa hiyo sikucheki. Lakini laptopu inapumua. Chini yake kuna matundu, ndani kuna feni ndogo isiyozidi kiganja cha mtoto. Feni inavuta hewa kutoka chini na kuisukuma kwenye mapezi membamba ya chuma yaliyoungwa na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kwa bomba la shaba, kisha moto unatokea ubavuni. Ubavu wa kushoto wa mashine yako kuwa wa moto si ugonjwa, ndiyo njia ya kutokea. Kupima ni rahisi: weka kiganja karibu na tundu hilo. Ukisikia upepo wa moto wenye nguvu, feni inafanya kazi yake. Ukisikia kelele nyingi na upepo kiduchu, ndani kumeziba.

Nami nina hakika kwako kumeziba. Wiki mbili zilizopita nilifungua laptopu ya duka lililopakana na mama muuza vitumbua. Kati ya feni na mapezi nilikuta blanketi. Nililishika kwa kibano likatoka zima, jeusi, limeshikana kwa mafuta, na harufu ya vitumbua bado imo. Mwenyewe alikuwa amesimama hapo, akaniuliza kama hicho ni kifaa cha mashine. Nyuzi za khanga, nywele, vumbi la karatasi, vyote vinaishia mahali hapo, na steshenari haikosi vumbi la karatasi. Baada ya kusafisha na kubadilisha pesti ya prosesa, mashine iliyokuwa inafika nyuzijoto 94 ikifanya kazi ilishuka hadi 60 na kitu, kazi ile ile.

Hiyo pesti ni dawa ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na shaba ili moto uvuke. Ikikaa miaka inakauka na kupasuka kama chokaa ya ukutani, hapo hata feni ikizunguka namna gani, moto haufiki kwenye mapezi. Prosesa nyingi za Intel za laptopu kikomo chake ni nyuzi 100. Ikikaribia hapo inajipunguzia kasi yenyewe, ndiyo maana unaona mashine inakuwa nzito saa nane mchana na asubuhi ilikuwa nyepesi. Ikizidiwa kabisa inazima ili isiungue. Juzi ilijiokoa, usiilaumu.

Ukiweza kufungua skrubu mwenyewe, zima, chomoa chaja, chomoa na waya wa betri ndani kabla ya kugusa chochote. Unapopuliza, zuia feni kwa kijiti cha meno isizunguke, maana ikizungushwa kwa upepo mkali inaharibika. Usitumie draya ya saluni. Ukiogopa, peleka kwa fundi, lakini umwambie akuonyeshe uchafu alioutoa. Fundi anayekurudishia mashine imefungwa na anakudai hela bila kukuonyesha kitu, mimi simwamini, na ni mwenzangu.

Ukishasafisha, inyanyue. Vifuniko viwili vya chupa za maji chini ya pembe za nyuma vinatosha, havihitaji hela. Isikae juu ya rimu za karatasi, wala kwenye godoro ukiipeleka nyumbani. Iache na ukuta shubiri moja.

Sasa huyo wa betri. Betri ya lithiamu haipendi mambo mawili: joto, na kushikiliwa imejaa pomoni kwa muda mrefu. Wewe umeipa yote mawili kwa pamoja tangu Idi. Mwaka 2019 yangu mwenyewe niliiacha mezani kwenye chaja miezi na miezi. Kwanza ile sehemu ya kugusa kwa kidole ikaacha kubonyea. Nikapuuza. Baadaye nikaona laptopu inachezacheza mezani, nikakunja karatasi nikaweka chini ya mguu wa meza. Meza haikuwa na kosa. Betri ilikuwa imevimba kama mto, imesukuma mfuniko wa chini. Fundi mzima! Yako ikifika hapo, izime, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, ipeleke ikatolewe.

Lakini kuitoa betri nzima sikushauri. Umeme ukikatika, na unakatika, kamera zako zinakufa sekunde hiyo hiyo na mafaili yanaharibika. Afadhali uiwekee kikomo. Lenovo na Asus wana programu yao ya kuizuia isichaji zaidi ya asilimia 80 au hata chini ya hapo. HP na Dell nyingi za kazi zina kitu hicho kwenye mipangilio unayoingilia mashine inapowaka, kabla Windows haijaja. Kama yako haina, chomoa chaja asubuhi, ifanye kazi mpaka ifike 40, ndipo urudishe.

Jambo jingine linalosahaulika: kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, sehemu ya prosesa, kiwango cha juu kimeandikwa asilimia 100. Andika 99. Kwenye laptopu nyingi hilo moja tu linaizuia prosesa kukimbia mbio za ziada, na kwa kuchapa barua hutaona tofauti, ila mkono wako utaiona. Kioo kijizime baada ya dakika tano. Jumapili iwashe upya mara moja, si kwa sababu imechoka, bali kuna programu zinazoacha mabaki kwenye kumbukumbu zikikaa muda mrefu, na masasisho hayakai sawa mpaka iwashwe upya.

Kuhusu bili usiwe na hofu kubwa. Laptopu inayotulia kwenye wati 20 hivi, kwa saa 24 inakula karibu nusu uniti ya LUKU.

Ila nikwambie la moyoni: kurekodi kamera usiku kucha si kazi ya laptopu ya dukani. Kama diski yako ni ile ya kuzunguka, haikutengenezwa kuandikwa mfululizo hivyo kwenye joto. Ukipata hela nunua kisanduku cha kurekodia kamera, mashine yako ilale usiku. Jirani wa kwanza atafurahi.

SWALI: Fundi, nafunga kifuniko cha laptopu baada ya kipindi na kuitia kwenye begi. Nikifika hosteli naikuta ya moto kama pasi na betri imeisha. Kuna mtu anaitumia?
Mwanafunzi, Iringa

JIBU: Hapana. Ukifunga kifuniko laptopu za siku hizi huwa zinasinzia tu, hazilali. Inaweza kuamka yenyewe ndani ya begi kutafuta masasisho, na humo hakuna hewa. Kabla ya kuitia kwenye begi izime kabisa, usubiri taa na feni vikome.

SWALI: Niiweke kwenye friji nusu saa kabla ya kuanza kazi?
Msomaji, Zanzibar

JIBU: Itoe chupa ya maji kwenye friji hapo kwako, uiweke mezani, uitazame inavyotoka jasho. Jasho hilo litatoka kwenye saketi. Washa feni ya chumba.