Malipo ya korona kwa wakulima wadogo wa Marekani: kilichotazamwa ni mauzo

Ndugu, umeuliza kama ni kweli kwamba serikali ya Marekani iliwalipa wakulima wakati wa korona, na kama mama mkwe wako, anayekodi nusu eka na kuuza mboga sokoni, angeweza kupata chochote. Ni kweli, na angeweza. Mimi nalima mboga kando ya Des Moines, jimbo la Iowa, na nililipwa katika awamu ya pili ya mpango huo wa malipo, uliojulikana kwa kifupi kama CFAP.

Awamu ya kwanza, iliyotangazwa Aprili 2020 na kutengewa dola bilioni 16 za malipo ya moja kwa moja, ilitupita. Kwa mazao ya bustani ilipima hasara iliyotokea kati ya Januari 15 na Aprili 15 mwaka huo, miezi ambayo huku kwetu ardhi bado ni baridi na mkulima wa mboga hana zaidi ya miche iliyo ndani ya banda la plastiki. Wenzetu wenye mahindi ghalani na ng'ombe zizini walikuwa na hasara ya kuonyesha. Sisi tulibanwa kiangazi, wateja walipopungua sokoni, na naamini hadi leo kwamba waliopanga tarehe zile hawakumfikiria mkulima anayeuza kwa mafungu.

Awamu ya pili, iliyofunguliwa Septemba 2020, ilikuwa ya haki zaidi. Kwa mboga na matunda walitazama mauzo ya mwaka 2019, na aliyeuza chini ya dola 50,000 alilipwa asilimia 10.6, kwa hiyo mwenye mauzo ya dola 8,000 alipata dola 848. Aliyeanza kulima 2020 alikubaliwa kutumia mauzo ya mwaka huo huo. Fedha hizo hazikuwa mkopo, ingawa zilihesabiwa kuwa mapato wakati wa kodi.

Wengi wetu walikwama kwenye kuthibitisha mauzo. Mauzo uliyataja mwenyewe kwenye fomu, lakini ofisi ya Idara ya Kilimo ilikuwa na haki ya kudai uthibitisho baadaye, na mtu aliyepokea fedha taslimu mwaka mzima bila kuandika aliogopa kutia sahihi. Mimi niliokolewa na daftari la mke wangu: kila Jumamosi aliandika tarehe, mafungu ya lengalenga, ndoo za nyanya chungu, bei na jumla. Mboga tulizonunua kwa jirani na kuziuza tena ilibidi tuzitoe kwenye hesabu, maana kilicholipiwa ni zao la shamba lako mwenyewe.

CFAP imekwisha, maombi yalifungwa Oktoba 2021. Hata hivyo, mama mkwe wako asingoje janga lingine ndipo ajulikane. Aende kwenye ofisi ya huduma za wakulima ya Idara ya Kilimo katika kaunti yake, akiwa na kitambulisho na karatasi ya kukodi shamba, aombe kuandikishwa na kupewa namba ya shamba. Kama amekodi kwa maneno tu, mwenye shamba amwandikie barua inayotaja ukubwa wa eneo na muda wa kulitumia, nayo itiwe sahihi na wote wawili kabla hajaomba miadi.