Drakma ni gramu ngapi? Inategemea ya mji gani

Umeuliza drakma, kipimo cha uzito na sarafu ya madini ya fedha ya Wagiriki wa kale, ina gramu ngapi, na kama ile sarafu ya bundi ya Athene yenye gramu 16.9 ni feki kwa kuwa haifiki 17.2. Uzito peke yake hautoshi kuihukumu. Drakma ya Athene ilikuwa takriban gramu 4.3, kwa hiyo drakma nne, ambazo ndizo thamani ya sarafu hiyo ya bundi, ni 17.2, lakini hicho ni kipimo cha sarafu mpya. Fedha hulika kwa kushikwashikwa na kwa kukaa ardhini. Tazama pia ukingo: wafanyabiashara wa kale walizikata kwa patasi kuhakikisha ndani si shaba.

Usichukue 4.3 ukaitumia kila mahali, tafadhali. Drakma ya Aegina, kisiwa cha Ugiriki, ilikuwa kama gramu 6.1. Stateri, sarafu kuu ya mji wa Korintho, ilikuwa na gramu 8.6 hivi, sawa na drakma mbili za Athene, ila wao waliigawa sehemu tatu, hivyo drakma yao ni gramu 2.9 tu.

Kwa Athene: oboli 6 ni drakma, drakma 100 ni mina (gramu 430 hivi), mina 60 ni talanta, karibu kilo 26.