Maswali na majibu: Mbona mashine ya gemu yenye nguvu si lazima iuze?

*Ami, mimi na ndugu yangu tumebishana hadi tukanuniana. Yeye ashikilia PS2 (PlayStation 2 ya Sony) iliuza sana kwa kuwa ilikuwa na nguvu kuliko Xbox ya kwanza. Nani mkweli?* (Kijana, Kisauni)

Patanani kwanza. Nguvu ilikuwa ya Xbox. Ilitoka Novemba 2001 na prosesa (chipu ifanyayo hesabu) ya kasi ya megahezi 733 na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya megabaiti 64. PS2 ilikuwa na megahezi kama 295 na megabaiti 32. Megahezi peke yake hazitoshi kupima prosesa mbili za aina tofauti, lakini picha ya Xbox ilikuwa safi zaidi, hilo uliliona kwa macho. Hata GameCube ya Nintendo iliizidi PS2 kwa michoro, na Marekani ilianza kwa dola 199 wakati zile mbili ziliuzwa 299. Sasa tazama mauzo: PS2 ilipita milioni 155. Xbox kama milioni 24, GameCube karibu milioni 22.

PS2 ilitangulia, Machi 2000 huko Japani. Ilisoma diski za PlayStation ya kwanza, kwa hiyo aliyekuwa na gemu za zamani hakuzitupa. Juu ya hayo ilicheza filamu za DVD bila kuongezewa kitu, ilhali mwenye Xbox alilazimika kununua rimoti yake kando, na GameCube haikucheza DVD kabisa. Hapa Mombasa hilo lilikuwa na uzito mkubwa. Baba ambaye hangetoa hata shilingi kwa ajili ya gemu alikubali kununua mashine ya kutazamia filamu sebuleni, na watoto wakapata gemu kupitia mlango huo.

Kisha vikaja vibanda vya gemu. Nakumbuka kimoja cha Majengo: benchi moja, televisheni ya mgongo mrefu, padi mbili za kuchezea. Kijiti cha padi ya kushoto kilikuwa kimeisha mpira wake, kikavishwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na watoto waligombania padi hiyo hiyo kwa sababu kidole hakikuteleza. Mtoto aliyepanga foleni hakuuliza nguvu ya mashine; alitaka gemu ya kandanda, na rafiki wa kumfunga. Diski za kunakili na mashine zilizotiwa chipu ya kuzisomesha diski hizo nazo zilichangia sana kuieneza PS2 huku kwetu. Siusifu wizi huo, lakini nikiuficha nitakuwa nimekupa nusu ya habari.

*Kama ni hivyo nguvu haina kazi. Mbona basi Wii iliuza na Wii U ikaanguka, na zote ni dhaifu na za Nintendo?* (Msomaji, Likoni)

Nguvu ina kazi, ila haifanyi kazi peke yake. Mwaka 2006 Wii ilitoka kwa dola 249, PS3 kwa 499 na 599. Wii ilikuwa dhaifu sana mbele yake, lakini mtu asiyewahi kushika padi aliinua mkono ulioshika rimoti yake akaurusha kama anayecheza tenisi, na tayari alikuwa anacheza. Iliuza zaidi ya milioni 101, PS3 ikafika kama milioni 87.

Wii U ya 2012 ilikuwa na nguvu kuliko Wii, lakini wengi walilisikia jina wakadhani ni kifaa cha kuongezea tu. Wanunuzi walipokuwa wachache, watengenezaji wa gemu wakaondoka, kwa kuwa wao hufuata mashine zilizo majumbani mwa watu. Gemu zilipopungua, wanunuzi wakapungua tena. Iliishia milioni 13.56.

*Kuna wakati nguvu ilishinda?* (Msomaji, Bamburi)

Upo. Mwaka 2013 PS4 ilikuwa na teraflopsi (kipimo cha kasi ya hesabu) 1.84 dhidi ya 1.31 za Xbox One, tena kwa dola 399 dhidi ya 499. Nguvu zaidi kwa bei ndogo: huo ni ushindani mgumu kuuhimili. Lakini leo Xbox Series X ina 12 na PS5 ina 10.28, na bado PS5 imeiacha mbali kwa mauzo.

*Mwanangu ataka mashine yenye "teraflopsi nyingi". Mimi hata silijui hilo neno.* (Mama, Tudor)

Dada yangu, teraflopsi moja ni hesabu trilioni moja kwa sekunde. Yeye ataka picha nzuri, wala si kosa. Lakini muulize marafiki zake wana mashine gani, kwa sababu atacheza nao na ataazima kwao.

Kisha angalia tundu la diski. Xbox Series S na PS5 ya dijitali hazina. Bei yake ya dukani ni nafuu, ila bila tundu hutaweza kununua diski ya mkono wa pili, kuazima, wala kuiuza akishaichoka. Kila gemu atalishusha kwa intaneti, na gemu moja kubwa laweza kufika gigabaiti 100. Kama nyumbani mwategemea bando la simu, hapo ndipo pesa zitakapopotelea. Mimi ningekushauri uchukue yenye tundu, hata ikibidi uweke akiba miezi miwili zaidi.

*PS4 yangu yanguruma kama jenereta, kisha yazima. Imekufa?* (Kijana, Mji wa Kale)

Huenda ni joto tu. Mashine yenye nguvu hutoa joto jingi, na feni lazima ilitoe nje. Majuzi nilifungua moja iliyotoka nyumba iliyo karibu na bahari: vumbi lilikuwa limeshikana na unyevu wa chumvi likawa kama blanketi kwenye mapezi ya chuma cha kupozea, na skrubu mbili zilikuwa na kutu. Peleka kwa fundi aisafishe na abadilishe ile dawa nyeupe iliyo kati ya chipu na chuma. Ikirudi, itoe ndani ya kabati la televisheni, uache nafasi ya kiganja nyuma yake, na usiifunike kitambaa cha mapambo ikiwa inafanya kazi.