Swift Sport, Vitz RS au Honda Fit RS? Jibu kwa mdogo wangu wa Nachingwea mwenye milioni 17

Juzi usiku nimepokea meseji ndefu ya kijana mmoja wa Nachingwea, jina nalihifadhi. Anasema korosho zake na za mzee zimeshalipwa, ana milioni 17 mkononi, anataka gari dogo lenye nguvu la kwendea kazini na la kujidai nalo kidogo. "Kaka we unazijua, nitajie moja tu, Swift Sport, Vitz RS au Honda Fit RS, na Polo GTI vipi?" Nikacheka peke yangu mpaka mama Nasra akauliza kulikoni. Nimecheka kwa sababu swali hilohilo niliwauliza watu miaka minne nyuma, wakanijibu vizuri kabisa, nikafanya kinyume.

Kwa wageni, mi nakaa Mtwara, Shangani, nasambaza vifaa vya umeme, swichi, nyaya, taa, kwenye maduka ya Lindi, Masasi, Newala na hukohuko Nachingwea. Wiki ikiisha sijafika kilomita 600 najiona kama nililala. Nilikuwa na IST, gari la kila mtu, na ndo tatizo lilipoanzia, nilichoka kuwa kila mtu. Siku moja nipo Dar kwenye foleni Mwenge ikanipita Swift Sport nyekundu, ekzosi mbili nyuma, moja kila upande, jamaa kaingiza gia ya pili tu lile zogo la injini likaniingia kifuani. Nikasema hii hapa. Sikuangalia spea zinapatikana wapi, sikuuliza fundi, nilirudi Mtwara nikaanza kuangalia video mpaka saa nane usiku kama mtu aliyeposa.

Dalali wa kwanza alitaka kuniuzia Swift ya kawaida iliyovalishwa bampa za Sport. Picha zinang'aa, bei nzuri, anasema "bosi hii ndo yenyewe, ikiondoka usinilaumu". Kilichoniokoa ni namba ya chesesi. Mdogo wangu hapa nisikilize sana, hii peke yake inaweza kukuokolea mamilioni. Swift Sport ya kizazi cha 2005 hadi 2010 chesesi yake inaanza na ZC31S, ina injini ya M16A, cc 1586, nguvu farasi 125. Ukikuta ZC11S hiyo ni 1.3, ZC21S ni 1.5, ZC71S ni 1.2, hata wakiivalisha nini haiwi Sport. Iliyofuata ni ZC32S, farasi 136, ya manyuo, yaani gia za mkono, ina gia sita. Kwa Vitz, RS ya cc 1500 ya kizazi hichohicho ni NCP91, ukiona SCP90 hiyo ni 1.3 na KSP90 ni ile ya lita moja, bebiwoka yenyewe. Honda ni GE8, ila hapo angalia zaidi maana GE8 sio zote RS, zipo za cc 1500 za kawaida. Yule dalali nilipomtajia chesesi akaniambia "kumbe unajua", akakata simu.

Basi nikapata ZC31S ya kweli, manyuo, nyeupe. Mambo ya bandari na kodi siwasimulii, kila mtu ana kidonda chake pale. Nawasimulia safari ya kuileta nyumbani, Dar mpaka Mtwara, kilomita kama 560. Kibiti, Ikwiriri, daraja la Mkapa alfajiri ukungu umelala juu ya Rufiji, na gari linazunguka kona kama lipo kwenye reli. Usukani mzito kidogo, unakuambia kila kokoto. Ile injini ukiendesha kizee hakuna kitu, unaweza kudhani umeuziwa gari baridi, nguvu yake inakaa juu, farasi wote 125 wanakuja injini ikifika mizunguko 6,800 kwa dakika, kwa hiyo lazima uikamue, na ukiikamua inaimba. Nimefika Shangani jioni sina uchovu. Majirani wametoka. Mzee mmoja akauliza "sasa kagari haka na ile IST tofauti nini?" nikajifanya sijasikia.

Hapo ningetulia ningekuwa na hadithi fupi. Sikutulia. Nikaishusha, springi fupi, gari ikalala chini, na ile tairi yake ya 195/50 rimu 16 ubavu wake tayari ni mwembamba, sasa ikawa kama nimevaa kandambili kwenye mawe. Fundi wangu wa Magomeni alinikataza kwa heshima zote, "bro, barabara zetu hizi", nikamwambia fanya kazi yako.

Sasa mwaka 2024 mnaukumbuka, mvua zile, alafu mwezi wa tano kikaja kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ikakatika Somanga tukawa kisiwani. Ilipofunguka tu nikakimbilia Dar kufuata mzigo maana stoo ilibaki na soketi mbili. Kwenda nilikwenda kwa kutambaa. Kurudi, nimejaza mzigo, nimeshapita Nangurukuru, nimeanza kuimba, shimo lipo kwenye kivuli cha mti. Sikuliona. Kishindo chake mpaka leo nikikumbuka meno yananiuma. Tairi la mbele kushoto limepasuka ubavu mzima, rimu imekunjika kama sahani ya bati. Natoa tairi la spea, lina nundu ya uzee ubavuni, na hilo nalo ni kosa langu maana sikuwahi kulikagua tangu ninunue. Jua la saa saba, mtandao hakuna, nimekaa kwenye jiwe na maboksi ya swichi.

Baada ya kama saa moja na nusu nani anatokea? Shemeji yangu, kaka yake mama Nasra, na Vitz RS yake ya kijivu, nyuma kajaza magunia mawili ya dagaa. Huyu ndo mtu wa kwanza niliyemuomba ushauri kipindi kile, akaniambia chukua RS kama yangu, nikamjibu mbele za watu kwenye kikao cha harusi kwamba Vitz ni gari la walimu wa kike. Nimesema hivyo kweli, sijivunii. Akasimama, akashusha kioo taratibu, kiyoyozi kinapuliza, akasema:

"Shem, hili si ulisema limetengenezewa mbio? Mbona limekaa?"

Alinibeba mpaka Lindi nimekaa kando ya dagaa, ananisimulia mambo ya Simba na Yanga kama hakuna kilichotokea. Bora angenitukana. Swift ililala pale kwa mzee mmoja mwenye kibanda cha chai siku tano nikisubiri rimu ije na basi kutoka Dar, maana Lindi hakuna na Mtwara hakuna, na mteja wangu mkubwa wa Masasi akapata mzigo kwa mtu mwingine. Hajarudi mpaka leo. Namsalimia tu njiani.

Wakati Swift inarekebishwa shemeji akaniachia RS wiki mbili (mama Nasra aliomba kwa niaba yangu, mi nisingeweza). Na hapa ndo nilipoelewa. Vitz RS ina farasi 110, injini ni 1NZ-FE, ndo ileile ya IST yangu niliyoikimbia! Ndo ya Raum, Spacio, Probox. Fundi yeyote aliyekaa chini ya mwembe kuanzia Kibiti mpaka Newala anaifungua amefumba macho, na spea unapata hata Mtama. Barabarani nilitegemea nitalala usingizi. Haikuwa hivyo. Haina ukali kama Swift, usukani wake mwepesi sana, unauliza barabara swali haikujibu, lakini hizi zote zina uzito unaozidi tani moja kidogo tu, kwa hiyo farasi 15 wa tofauti unawasikia pale unapokamua mpaka mwisho, na huku kwetu unakamua mpaka mwisho mara ngapi? Vijijini mwisho 50, na matuta. Mi mwenyewe nilipigwa tochi mara mbili mwezi mmoja, elfu 30 mara mbili, kwa kukimbilia wapi, kwenda kuuza bulbu.

Mbio zinazotusaidia sisi wa kusini ni za aina moja tu, kupita lori. Upo nyuma ya lori la saruji linalotoka kiwanda cha Dangote, au ya makaa ya mawe kutoka Songea, njia ni moja kwenda moja kurudi, unataka utoke na urudi upande wako haraka. Swift ukishusha gia ya tatu inatoka kama imefukuzwa, hapo sina ubishi, inazishinda wenzake. Vitz ya shemeji ni ya CVT, otomatiki isiyo na hatua za gia, inalia kwanza alafu ndo inaondoka, unatakiwa upange mapema. Kupandisha Newala kutokea Masasi vilevile, Swift nacheza na gia, Vitz inapanda ikinung'unika, ila imepanda. Tumefika wote.

Honda Fit RS niliijaribu ya mwalimu mmoja wa Ligula, siku nne, tulibadilishana. Farasi 120, ipo katikati ya hizo mbili, na nilishangaa jinsi inavyokamata kona kwa gari lenye umbo la boksi. Ila utamu wake upo nyuma. Tangi la mafuta wameliweka chini ya siti za mbele, kwa hiyo siti za nyuma zinalala chini kabisa au unanyanyua sehemu yake ya kukalia juu, unasimamisha kitu kirefu katikati ya gari. Nimepakia roli za waya ambazo Swift ningezipeleka kwa safari mbili, maana buti la Swift ni kapu la sokoni. Nilihisi kusalitiwa, yaani kumbe kulikuwa na gari linalofanya kazi yangu na bado lina raha na hakuna aliyeniambia. (Waliniambia.) Ukiichukua ya CVT usimruhusu fundi aweke ATF ya kawaida, oili ya otomatiki za kawaida, kwenye gia, tafuta oili yake, hata ikichukua wiki kufika.

Mafuta, kwa mguu wangu: Swift kama kilomita 12 kwa lita, nyingine zote mbili 14 na zaidi. Na kwa Wajapani wenyewe Swift Sport imeandikiwa petroli ya okteni ya juu, Vitz RS na Fit RS zinakunywa ya kawaida. Zote tatu zina cheni ya taimingi sio mkanda, hilo usiwaze.

Polo GTI ya Volkswagen (VW). Ya 2010 hadi 2014 ina 1.4 yenye turbo na supacheja kwa pamoja, vyote viwili vya kusukumia hewa kwenye injini, farasi 180, sifuri mpaka 100 sekunde 6.9, hizi zetu zote zinabaki nyuma zinasoma namba. Lakini ina DSG, otomatiki ya klachi mbili, gia saba, klachi kavu, gia ambayo mwaka 2013 VW wenyewe waliita magari zaidi ya milioni moja duniani kubadilisha oili yake. Sasa jiulize, ikiwasha taa kwenye dashibodi upo Nanyumbu, unampigia nani? Ukikaa Dar na una fundi mwenye mashine, endelea. Kwa Nachingwea, mdogo wangu, hapana.

Na uache kufuata namba. Nguvu, nguvu, nguvu, vijana mnasoma namba kama mnasoma matokeo ya form four. Golf GTI ya kwanza kabisa ya 1976, iliyofanya dunia ipende vigari hivi, ilikuwa na farasi 110, sawasawa na hiyo Vitz mnayoicheka. Nunua tairi nzuri kabla ya redio. Kagua tairi la spea. Usishushe gari, narudia, usishushe gari. Wanaokaa karibu na bahari kama mimi osheni chini kwa maji baridi yasiyo ya bahari, chumvi inakula. Na ukiwa na milioni 17 usinunue gari la milioni 17, bakiza mbili za kuipokea, maana gari la Japani linafika na bushi zimechoka na betri inapumua kwa mdomo. Mi nilimaliza zote, mwezi wa kwanza nikakopa hela ya bima kwa shemeji. Ndio, kwa yeye huyohuyo.

Utaniuliza mbona Swift bado ninayo. Ninayo. Nimerudisha springi zake za kawaida, na mzigo siku hizi nabeba na Probox niliyonunua mwaka jana. Ila Jumapili asubuhi mji haujaamka natoka nayo peke yangu, naifuata ile barabara inayozunguka ghuba ya Mikindani, mitumbwi pembeni, kona moja inaingia kwenye nyingine, gia ya tatu, ya pili, ya tatu, wala sizidi 50, nakunywa chai pale na chapati mbili narudi. Mama Nasra anaiita mke mdogo. Haendeshi, anasema gia za mkono ni adhabu, na hilo nalo liweke kwenye hesabu kama nyumbani kwako kuna mtu mwingine anayehitaji ufunguo.

Kwa hiyo dogo, kwa kazi ulizonitajia, magunia, mama kumpeleka kliniki na Jumamosi kujidai Nachingwea mjini: Fit RS, ukiikosa Vitz RS ya manyuo. Najua hutanisikia, nimeona jinsi ulivyoandika Swift Sport kwa herufi kubwa. Jumamosi njoo Mtwara uendeshe zote tatu, mwalimu kakubali na shemeji kakubali. Ila shemeji kasema mafuta unaweka wewe, na Swift ikae nyuma, asije akaikuta imekaa tena.