Mahekalu 88 ya Shikoku: maswali yenu

Nikienda kuhiji Shikoku, ni lazima nimalize mahekalu yote 88?

Si lazima. Njia nzima ya kukizunguka kisiwa hiki cha Japani ni kama kilomita 1,200, na waendao kwa miguu wengi huchukua siku 40 hadi 50. Wajapani wenyewe huigawa vipande, safari hii kidogo, ijayo kidogo. Wengine hupanda basi. Ukiwa na wiki moja tu, anzia Ryozenji, hekalu la 1, mkoani Tokushima. Kumi ya mwanzo yamekaribiana, njia ni ya vijiji na mashamba. Ila usiikwepe njia ya kutoka Fujiidera, la 11, hadi Shosanji, la 12: kama kilomita 13 za milima na msitu, siku nzima ya jasho. Mtu akinieleza amekwenda Shikoku, swali langu la kwanza ni kama ameipita hiyo.

Mimi ni Mwislamu. Nitaruhusiwa? Na chakula?

Karibu sana. Njia ni ya Wabuddha, wanaofuata nyayo za mtawa Kukai (774–835), Kobo Daishi kwa jina la heshima, lakini hakuna atakayekuuliza dini yako wala kukulazimisha kusali. Chakula ndicho cha kuangalia. Hata mboga hupikwa kwa sake au mirin, ambavyo ni vileo, kwa hiyo muulize mpishi kabla hajawasha jiko, au uwe na maelezo yako kwa Kijapani kwenye karatasi. Wali mweupe, mayai ya kuchemsha na matunda havina shida.

Mama mmoja alinisimamisha barabarani, akanipa machenza na sarafu. Niliona aibu, nikamrudishia. Nilikosea?

Ulimnyima thawabu yake, ndugu yangu. Hiyo ni settai, desturi ya Shikoku ya kumkirimu hujaji: chai, matunda, hela kidogo, pengine hata mahali pa kulala. Wenyeji huamini Kobo Daishi anatembea pamoja na kila hujaji, hivyo anayekupa wewe amempa na yeye. Safari nyingine pokea kwa mikono miwili, inamisha kichwa, kisha mpe osamefuda, kile kikaratasi chembamba unachoandika jina lako na kukiacha kila hekalu. Mpokee hata kama mkoba umejaa. Kwangu mimi, hii inazidi mapagoda yote.

Kwa nini mahujaji hawagongi fimbo darajani?

Husimuliwa kwamba Kobo Daishi alikosa pa kulala huko Ozu, mji wa Shikoku, akalala chini ya daraja. Basi huenda yupo hapo chini, na huwezi kumgongea mtu aliyelala. Fimbo yenyewe ndiyo yeye. Ukifika nyumba ya wageni, osha kwanza ncha yake iliyojaa matope, ndipo ufikirie miguu yako.

Kile kitabu cha mihuri ni bei gani?

Bei hutegemea jalada. Kila hekalu utalipa yen 500 (zilikuwa 300 hadi 2024) uandikiwe humo kitabuni kwa brashi na kugongewa mihuri myekundu. Beba fedha taslimu, na ufike kabla ya saa kumi na moja jioni, dirisha hufungwa.

Niende lini?

Machi hadi Mei, au Oktoba na Novemba. Juni ni mvua, Agosti ni joto la kuumiza.